Miaka mitatu Dar es Salaam, na sina mlango wa kubisha hodi

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni kijana wa kiume wa miaka 26, mzaliwa wa Mbinga mkoani Ruvuma, na huu ni mwaka wa tatu ninaishi Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam. Nina stashahada ya uhasibu, lakini kazi niliyoipata ni ya kutunza stoo katika duka la jumla la vyombo huko Kariakoo. Mshahara si mkubwa, ila kodi ya chumba nalipa kwa wakati na mama namtumia chochote kila mwezi. Natanguliza haya ili usidhani kwamba shida yangu ni fedha. Shida yangu ni kwamba sina mtu.

Nyumba ninayopanga ina vyumba vinane na uwani mmoja. Tuna kundi la WhatsApp la wapangaji, ambalo huamka siku umeme unapokatika na watu wakaanza kubishana nani hajachangia LUKU, kisha hulala tena. Kazini tuko watatu: bosi, ambaye hushinda kwenye simu; dada wa mauzo, ambaye ana familia na huwahi nyumbani; na mimi, niliye ghorofani na maboksi. Nikirudi saa mbili usiku nanunua chakula kwa mama lishe wa kona, nakula chumbani, kisha naangalia simu mpaka saa saba. Wenzangu wa chuo wametawanyika. Wale niliokua nao Mbinga, mmoja yuko Mafinga kwenye mbao, mwingine anaendesha bodaboda Songea, na wa tatu alivuka kwenda Msumbiji, sijui habari zake.

Mwezi Machi niliugua malaria, nikalala ndani siku nne. Hakuna aliyegonga mlango. Siku ya tano nilipotoka, yule mama lishe aliniuliza, "Wewe ulikuwa wapi siku zote hizi?" Nikamjibu, "Nilikuwepo tu," nikachukua chakula changu nikaondoka. Usiku ule nilishikwa na hofu nikiwaza kwamba ningekufa mle ndani, harufu ndiyo ingewaita watu.

Nakuomba usiniambie tu kwamba nijichanganye na watu, kwa sababu nimejaribu. Mwaka jana mtu niliyesoma naye chuo alinialika kwenye semina ya bure ya vijana, katika ukumbi mmoja mjini. Tulipewa maji na kalamu, vijana wa rika langu wakanishika mkono na kuniita kwa jina, na nakiri kwamba nilifurahi mno. Kumbe ilikuwa biashara ya kuuza virutubisho, na nilitakiwa kutoa shilingi 350,000 ili "nianze safari". Nilipokataa walinipigia simu kwa wiki mbili, kisha wakanyamaza, na yule mwenzangu akanyamaza pamoja nao.

Baada ya hapo nikajiunga na klabu ya joging ya mtaani, ambayo haina kiingilio. Tunakutana Jumapili saa 11:30 alfajiri, tunakimbia kwa nyimbo kwenye Barabara ya Kilwa hadi Mtoni Mtongani na kurudi. Nilikwenda Jumapili tatu. Wakati wa mbio mambo yalikuwa mazuri, ila tukimaliza wenzangu walikaa kwenye benchi kunywa supu na chapati, nami sikujua kama supu ile ilikuwa ya wanachama au ya kila mtu, kwa hiyo nilirudi chumbani. Kiongozi alikuwa akiniita "mgeni". Jumapili ya tatu dada mmoja alichukua namba yangu, nikadhani nimepata rafiki, kumbe alitaka kunikumbusha shilingi 20,000 za fulana. Sikurudi tena. Jumuiya ya kanisani nako sijawahi kwenda, kwa kuwa naogopa kuulizwa nilikuwa wapi miaka yote mitatu.

Nilipomgusia dada wa mauzo, alicheka. Alisema upweke ni ugonjwa wa Wazungu na kwamba mimi nahitaji mke tu.

Sasa mama anataka nirudi. Tangu baba afariki anasimamia kahawa peke yake, na baba mdogo yuko tayari kunikatia ekari mbili. Mama hunipigia kila Jumapili jioni, nami huwa nafungulia redio ili asikie sauti za watu, halafu namwambia niko na marafiki. Nikirudi nitakuwa nimekiri kwamba mji umenishinda. Nikibaki, sioni ninachokibakia. Je, hizi programu za bure kweli zinaweza kumwondolea mtu upweke, au nazidi kujidanganya? Nirudi Mbinga?

Mpweke wa Rangi Tatu

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa malaria ile, ingawa pole yangu imechelewa.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nilisimama kwenye ile sentensi ya harufu. Kabla ya mengine naomba nikuulize waziwazi, kama ambavyo ningekuuliza tungekuwa tumekaa mkekani. Hofu ile ilikuja usiku mmoja ikapita, au inakurudia? Ukiiweka simu mbali, usingizi unakuja? Chakula kina ladha? Na je, kuna siku umewaza kwamba afadhali usiamke? Iwapo jibu la swali hili la mwisho ni ndiyo, hata kama ni ndiyo ndogo, usilisubirishe jambo hilo kwa barua wala kwa mbio za Jumapili. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, umweleze daktari hivyo hivyo ulivyonieleza, na uombe kuonana na watu wa afya ya akili, ambao wapo hata Muhimbili. Ikiwa hukufika huko, na naomba iwe hivyo, basi tuzungumze haya mengine.

Nikikuelewa vizuri, una kazi, una paa, una mama anayekukumbuka kila wiki, na hapo hapo huna mlango hata mmoja mtaani ambao ungeubishia hodi usiku. Umejaribu njia mbili za bure, moja ikakudanganya na nyingine ikakukatisha tamaa, na sasa unajiuliza kama kosa liko kwako, mjini, au kwenye hivyo vya bure vyenyewe.

Nianze na dada wa mauzo, kwa sababu maneno ya namna ile huumiza kuliko msemaji anavyokusudia. Ripoti iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwezi Juni 2025 inakadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba kati ya vijana wa miaka 13 hadi 29 ni asilimia 17 hadi 21. Halafu inaeleza jambo ambalo ningependa umsomee: katika nchi zenye kipato cha chini kiwango ni kama asilimia 24, na katika nchi tajiri ni kama asilimia 11. Wazungu wametangulia kulisema tu. Sisi tunaona haya kusema, kwa kuwa tumelelewa tukiamini kwamba penye watu wengi, salamu nyingi na uwani mmoja, mtu hawezi kuwa peke yake. Sensa ya 2012 ilikuta watu milioni 4.36 Dar es Salaam, na ya 2022 ikakuta milioni 5.38. Hao milioni moja, wengine walizaliwa hapa na wengine walishuka kwenye basi kama wewe. Sidhani kwamba katika vyumba vile vinane ni chako tu ambacho taa huwaka mpaka saa saba.

Kuhusu mke nitasema kidogo. Ndoa ni jambo jema, lakini mwanamke anayeletwa nyumbani ili awe rafiki, jirani, ndugu na mtaa mzima wa mumewe hubebeshwa mzigo ambao hakuuona siku ya posa.

Halafu upweke wa mgeni mjini haukuletwa na simu. Makarani, makuli na askari waliokuja Dar es Salaam miaka mia moja iliyopita walijiunga na vyama vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, vilivyokuwa na vyeo, sare na ushindani mkali. Nyuma ya matarumbeta yale kulikuwa na kazi nyingine ya kimyakimya, ya kusaidiana shidani na kuzikana. Mimi huziona klabu za joging za Temeke na Mbagala kuwa wajukuu wa beni. Sare zipo, nyimbo zipo, majigambo yapo, na siku mwanachama anapofiwa ndipo unapoona klabu ilikuwa ya nini hasa. Jumapili tatu hazitoshi kuliona hilo.

Wewe ni mhasibu, kwa hiyo niruhusu nifanye hesabu. Mwaka 2018 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, aitwaye Jeffrey Hall, alikadiria kwamba watu wanaofahamiana tu huhitaji kama saa 50 za kuwa pamoja ili wawe marafiki wa kawaida, kama saa 90 ili wawe marafiki hasa, na zaidi ya saa 200 ili wawe wa kufichuliana siri. Aliowachunguza walikuwa Wamarekani, na sisi tuna utani na udadisi ambao huenda unafupisha safari hiyo, lakini tuichukue kama kipimo. Ulikwenda mara tatu, tuseme saa mbili kila mara, jumla saa sita. Kwa mwendo huo, saa 50 zingekuchukua Jumapili 25. Ulifunga hesabu mapema mno, mwanangu, tena ukiwa umeacha nje ya daftari saa zenye thamani kuliko zote, zile za supu. Mtu anayekimbia huku akiimba hana pumzi ya kumuuliza mwenzake kwao ni wapi. Hayo huulizwa kwenye benchi, chapati ikiwa mkononi. Supu ilikuwa ya nani? Ungemuuliza mtu mmoja tu, na swali hilo peke yake lingekuwa mwanzo wa mazungumzo.

Najua utanijibu kwamba hata wao wangeweza kukukaribisha. Ni kweli, wangeweza, na kiongozi anayemwita mtu "mgeni" kwa wiki tatu ana la kujifunza. Lakini tulitazame tena lile la fulana. Wewe uliona kwamba wanataka fedha zako, na baada ya kuumwa na nyoka kwenye semina, ukishtuka kwa jani una haki. Ila wale wa semina walikuita kwa jina siku ya kwanza na wakadai shilingi 350,000 kabla hujakaa vizuri, wakati klabu ilikuacha ukimbie bure Jumapili mbili, ndipo ikakudai fulana ambayo huvaliwa na mtu anayetarajiwa kuwepo mwezi ujao. Sikuambii kwamba klabu zote ni safi. Zipo ambazo michango haiishi, zipo ambazo hesabu hazisomwi, na zipo ambazo uchaguzi ukikaribia hugeuka kuwa msafara wa mgombea. Kabla ya kutoa chochote uliza fedha zinatunzwa na nani, mara ya mwisho zilisomewa wanachama lini, na asiyeweza kulipa sasa hufanywaje. Wakiudhika kwa maswali hayo utakuwa umejibiwa.

Kuna jambo katika barua yako ambalo nadhani ni kubwa kuliko supu na fulana. Kila mahali ulipokwenda, ulikwenda kama mtazamaji. Ulikimbia nyuma, ukaondoka kimya, na hakuna kazi iliyosimama kwa sababu hukuwepo. Kule Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na mabibi 14 waliokuwa wakiwasikiliza watu wenye mawazo mazito, wakiwa wamekaa nao kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Mpango huo unafahamika sana. Kisichotajwa sana ni kwamba baada ya benchi mtu hualikwa kwenye kikundi kiitwacho Kubatana Tose, yaani kushikamana sote, ambako watu husuka mikoba ya plastiki huku wakizungumza. Naipenda sana ile mikoba. Mikono ikiwa na shughuli, mtu hahitaji kutafuta la kusema, na asipofika wiki inayofuata, mkoba wake uliobaki nusu unamuulizia.

Wewe mkoba wako ungekuwa nini? Kuna kishawishi cha kukwambia ukasaidie vitabu vya hesabu vya klabu, kwa kuwa ujuzi huo unao na wengi huukimbia. Lakini mgeni anayeomba kuona daftari la fedha hutiliwa shaka, na shaka hiyo huchelewa kuondoka. Huenda ni heri kuanza na dogo zaidi, kama vile kubeba maji au kuandika orodha ya waliofika. Anayeandika orodha hulazimika kumuuliza kila mtu jina lake, jambo linalomfaa sana mtu mwenye haya kama wewe.

Ile jumuiya unayoiogopa nayo ina sifa ambayo joging haina: hukutana kwenye nyumba za mtaa huo huo, mwendo wa miguu kutoka mlangoni kwako, na moja ya kazi zake ni kutembelea wagonjwa. Ukizoea unaweza kusogea hadi VIWAWA, walipo vijana wafanyakazi wa rika lako. Watakuuliza ulikuwa wapi miaka mitatu? Watakuuliza, sitakudanganya, tena huenda mzee mmoja akauliza mara mbili. Swali lile huchoma kwa dakika tano hivi, kisha wanakupangia zamu ya kusoma somo. Kama imani yako imepoa na ungekwenda kwa ajili ya watu tu, hilo nalo lipime mwenyewe, kwa sababu wapo ambao kujifanya huwachosha kuliko upweke. Mjini kuna shughuli nyingine zisizo na kiingilio, kama zile za Nafasi Art Space kule Mikocheni au Alliance Française pale Upanga, lakini bure ya Mikocheni kwa mtu wa Rangi Tatu ina nauli na foleni ndani yake, na chochote kinachohitaji daladala mbili huachwa mvua ya kwanza ikinyesha.

Sasa nirudi kwenye malaria. Umeandika kwamba siku zile nne hakuna aliyegundua, na mstari unaofuata ukamtaja mtu aliyegundua. Mama lishe anahudumia watu wangapi kwa usiku mmoja? Katika wote hao aliona kwamba sahani moja haijachukuliwa, akahesabu siku, akauliza. Ulipomjibu "Nilikuwepo tu", ulimfungia mlango mtu aliyekuwa amekwisha kuubisha. Sikulaumu, maana mwanamume anayetoka kitandani na miguu inayotetemeka hujibu hivyo. Lakini ungemwambia, "Niliumwa, mama, malaria ilinilaza," unadhani angesema nini? Na ungekula pale pale kwenye benchi lake mara mbili kwa wiki badala ya kubeba chakula chumbani, ungekutana na nani mwingine anayekula peke yake? Hakuna fomu ya kujaza hapo, wala fulana.

Limebaki la Mbinga, na hapa nakwenda taratibu kwa kuwa ni maisha yako na ya mama. Unasema kurudi ni kukiri kushindwa. Nani amekupa mizani hiyo? Ekari mbili na kahawa iliyotunzwa na mwenye elimu ya hesabu, anayeweza kuketi kwenye mkutano wa AMCOS, yaani ushirika wa wakulima, na kuelewa makato, si kitu cha kuonea haya. Lakini jiulize pia unarudi kwa nani. Umenitajia mwenyewe kwamba rafiki zako wako Mafinga, Songea na Msumbiji. Mbinga unayoikumbuka imejaa watu ambao hawapo tena, na kijana anaweza kuwa mpweke katikati ya mibuni sawasawa na katikati ya maboksi, tena huko kila mtu anajua jina lake na anamuuliza ataoa lini. Kwa upande wa mama, sijui kama anakuita kwa sababu anahitaji mikono shambani, au kwa sababu nyumba imekuwa kubwa tangu baba yako afariki, au kwa sababu kila Jumapili anasikia marafiki zako wanasoma taarifa ya habari. Masikio ya mama hayadanganywi kirahisi na redio. Huenda ninyi wawili mna upweke mmoja na kila mmoja anamficha mwenzake.

Ipo njia ya katikati, nayo ina hatari zake. Kahawa huanza kuvunwa katikati ya mwaka, na ungeweza kuomba likizo ya wiki mbili au tatu ukavune, ukalala kule bila kuwa umeamua chochote, ukaona unaamka na moyo gani siku ya kumi, shamrashamra za kukupokea zikiwa zimekwisha. Hatari ni kwamba bosi asiye na mkataba wa maana anaweza kumweka mtu mwingine stoo, kwa hiyo mweleze mapema na umwombe akuandikie. Hatari nyingine ni kwamba ukienda sasa, kabla hujarudi kwenye lile benchi la supu hata mara moja, utakuwa unalinganisha Mbinga na Dar es Salaam ambayo hukuifungulia mlango. Kati ya hapa na mavuno kuna Jumapili kadhaa. Namna ya kuzitumia nakuachia wewe.

Jumapili hii mama akipiga, ningependa ujaribu kuiacha redio imezimwa. Huna haja ya kumweleza yote. Muulize tu yeye jioni hiyo anakula na nani.

Kisha niandikie tena baada ya mavuno, uwe Mbinga au uwe Rangi Tatu, unieleze kama ile supu ilikuwa ya wanachama au ya kila mtu.

Mama Mshauri